OM ni gitaa gani hasa? Anza na futi ya kushonea

Jumapili moja shemeji kaja nyumbani kabeba gitaa kavu, kalivisha kanga ya dada maana halikuja na begi, uso wote meno. Kalipata mtandaoni kwa mtu aliyekuwa anahama nchi, na tangazo lilisema "OM original". Mimi ndo nimemjaza kichwa mambo ya OM, aina ya gitaa iliyobuniwa na kampuni ya Martin ya Marekani, miaka miwili mfululizo, kwahiyo nikajua hapa nikiteleza ulimi naharibu undugu. Nikalipokea, nikapiga kodi ya G, tamu tu, halina shida, ila mkono wa kushoto ukaniambia kitu. Nyuzi laini mno. Nikausukuma uzi wa pili pembeni kidogo kama wanavyofanya wapiga bluzi, ukaja wenyewe bila ubishi. Nikamwambia dada, hebu niazime ile futi yako ya kushonea.

Unaweka sifuri ya futi kwenye nati, kile kikipande cheupe ambacho nyuzi zinapita pale juu shingo inapokutana na kichwa, alafu unaivuta mpaka katikati ya kile kichuma cha freti ya 12, freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo. Ikasoma sentimita 31.6. Nikarudia. 31.6.

"Shem, hii siyo OM."

"Si imeandikwa?"

"Imeandikwa na muuzaji."

Kimya kidogo, dada anacheka jikoni, alafu shemeji akauliza swali ambalo kwa kweli ni la msingi kabisa: ingekuwa OM ingesoma ngapi? Nikamwambia 32.2 na ushee. Akanitazama kama nimerukwa na akili. Yaani tunabishana milimita sita?

Ndiyo, milimita sita, na nikaona bora niiandike yote maana siyo yeye peke yake. Kila wiki naona mtu anauziwa OM ambayo siyo OM, au anaikataa OM ya kweli sababu haijaandikwa OM, na wengi wanaamini OM ni jina la saizi ya boksi. Siyo saizi. Ni ndoa ya vitu viwili: boksi la wastani na uzi mrefu, yaani umbali kutoka nati mpaka darajani, pale nyuzi zinapokaa kifuani mwa gitaa. Ukivunja hiyo ndoa unabaki na gitaa zuri tu ila lenye jina lingine.

Tuanze na majina manake hapo ndo kwenye fujo. Kampuni ya Martin ilianzishwa 1833 New York na mhamiaji wa Kijerumani, Christian Frederick Martin, baadaye ikahamia Nazareth, Pennsylvania, na mpaka leo iko hukohuko. Hawa jamaa majina yao ya magitaa ni kama namba za nyumba za mtaa uliojengwa bila ramani, unaelewa tu ukishakaa muda. Herufi au sifuri za mbele zinakwambia boksi, namba ya nyuma inakwambia mbao na mapambo. 18 ni mahogani mgongoni na ubavuni, haina makuu. 28 ni rozwudi. 45 ni ile iliyovikwa chaza kila kona kama bibi harusi. Sasa upande wa boksi, zamani saizi zilikuwa zinahesabiwa kurudi nyuma, 3 ndogo, 2 kubwa kidogo, 1 kubwa zaidi, walipotaka kubwa kuliko 1 wakaandika 0, alafu wakaongeza sifuri, 00, na 1902 ikaja 000. Enzi hizo hilo la sifuri tatu lilikuwa jitu. Leo ukiliweka pembeni ya magitaa yaliyojaa madukani linaonekana la mtoto wa shule.

OM ilizaliwa kwenye hilo boksi la 000. Mwaka 1929 kuna bwana wa Atlanta anaitwa Perry Bechtel, mpiga banjo mwenye jina lake, alikwenda Martin na ombi. Inabidi uelewe hali ya soko wakati ule. Bendi za dansi Marekani zilikuwa zinatumia banjo kwa ridhim sababu banjo ina kelele, inapenya tarumbeta. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1920 ladha ikaanza kugeuka, redio na maikrofoni zimeingia, watu wanataka gitaa, kwahiyo mpiga banjo anaambiwa na kiongozi wake wa bendi, kesho njoo na gitaa la sivyo tutakutafutia mbadala. Anashika gitaa, anakuta shingo imeishia freti ya 12 ndo inaingia kwenye boksi, na yeye kwenye banjo amezoea shingo ndefu anayokimbia juu na chini bila kugonga mbao. Bechtel akataka shingo ndefu. Martin wakachukua 000, wakalifupisha boksi upande wa mabegani likawa la mraba kidogo, daraja likasogea juu, na shingo ikatoka na freti 14 zikiwa nje ya boksi. Uzi wakauacha mrefu, inchi 25.4.

Jina wakaliita modeli ya okestra, kifupi OM. Na hapa sisi tuna bahati ambayo Mmarekani wa leo hana. Yeye akisikia okestra anafikiria wazee wenye tai na violini, anabaki anashangaa gitaa lilikuwa linafanya nini pale. Mtu wa Dar ukimtajia okestra anafikiria Maquis, anafikiria Safari Sound, anafikiria ukumbi, bia na watu wanacheza mpaka alfajiri. Ndo maana yenyewe hiyohiyo. Okestra ya OM ni bendi ya dansi.

Maisha yake ya kwanza yalikuwa mafupi kuliko msimu wa ligi. OM-28 ndo ilitangulia, zikafuata OM-18 na OM-45, na ile ya kifahari kupita zote, OM-45 Deluxe ya 1930, zilitoka 14 tu duniani. Za mwanzo mwanzo zilikuwa na ufunguo wa kukazia nyuzi wa banjo kabisa, unaotokea nyuma ya kichwa, na kikinga mkwaruzo kidogo kama tone la maji pembeni ya tundu. Kufika mwisho wa 1933 jina la OM likafutwa, wakarudisha jina 000, na 1934 wakapunguza na uzi wenyewe ukawa inchi 24.9. Basi. Miaka minne mitano, kwisha.

Ila shingo ya freti 14 haikufa. Ikahamishiwa kwenye magitaa mengine karibu yote, na leo ukiingia duka lolote Kariakoo ukachukua gitaa kavu la nyuzi za chuma, la bei yoyote ile, karibu hakika hesabu freti zilizo nje ya boksi utakuta 14. Ombi la mpiga banjo mmoja.

Sasa turudi kwenye milimita sita. Freti ya 12 iko nusu ya uzi. Nusu ya inchi 25.4 ni inchi 12.7, ndo hizo sentimita 32.2 na ushee. Nusu ya 24.9 ni sentimita 31.6. Pimia hapo kwenye 12, usipime mpaka darajani, sababu kile kimfupa cha darajani kimelazwa mshazari makusudi ili tyuni ikae sawa, kitakudanganya. Sasa uzi ukiwa mrefu zaidi na unataka utoe noti ileile, lazima uukaze zaidi, na mkazo haupandi sawasawa na urefu, unapanda kwa mraba wake. Urefu umezidi kama asilimia 2, mkazo unazidi kama asilimia 4. Seti ya kawaida ya nyuzi, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni unene namba 12, ikishakazwa inalivuta daraja kwa nguvu inayozidi kilo 70. Asilimia 4 ya hapo ni karibu kilo tatu. Unga wa kilo tatu unauweka begani unausikia au husikii? Gitaa linausikia. Na vidole vya kushoto vinausikia ndani ya sekunde mbili, ndo kilichonitokea mimi kabla hata sijaomba futi.

Kilo tatu hizo zinakupa nini? Uzi unakuwa na msimamo. Ukiuchuna unajibu haraka, noti inaanza kwa ncha kali kidogo, uzi wa chini mnene haulegei ukatetemea freti unapopiga kwa hasira, na ukitaka kuushusha E uwe D unashuka bila kuwa kamba ya nguo. Ule mfupi nao una raha zake, sisemi hauna. Ni mlaini, mtamu, unasukumika, mtu mwenye vidole vifupi anafika mbali bila kujinyoosha. Ndo sababu siwezi kumwambia mtu moja ni bora. Naweza kumwambia siyo kitu kimoja.

Alafu boksi. Hapa adui wa kulinganisha naye ni drednoti, lile gitaa kubwa la mabega mapana ambalo ndo sura ya gitaa kavu kwa watu wengi. Drednoti la Martin ni inchi 15 na robo tatu kasoro kidogo pale chini kwenye makalio, OM ni 15 kamili, utasema tofauti ndogo. Lakini nenda kiunoni. Kiuno cha drednoti kinakaribia inchi 11, cha OM hakifiki tisa na nusu. Na kina, yaani unene wa boksi kutoka kifuani mpaka mgongoni, drednoti inakaribia tano, OM ni nne na nukta. Ukikaa nalo kwenye kiti kiuno kinakaa pajani chenyewe kama kimechongwa kwa ajili yako, mkono wa kulia unapita juu ya boksi bila bega kupanda sikioni. Niliwahi kupiga drednoti masaa matatu kwenye mkesha, kesho yake nikashindwa kuvaa shati.

Kisauti, boksi kubwa lenye hewa nyingi linapenda besi. Linaipandisha besi juu ya vitu vingine, na ndo uzuri wake, kwaya ya watu arobaini inaimba na gitaa moja bado linasikika linasukuma chini. Boksi la OM lina hewa kidogo na kiuno chembamba, besi ipo lakini haimezi wenzake. Nyuzi sita zinasikika sita. Watu wa studio wanaipenda kwa hili, maana maikrofoni ukiisogeza karibu na gitaa yenyewe tu inaongeza besi, sasa ukiweka na drednoti mbele yake unakaa nusu saa kwenye mashine unakata uvumi. OM unaweka maiki, unarekodi, unaenda kula.

Na hii ndo inanileta kwenye jambo linalonifanya niipende mimi binafsi. Upigaji wetu huku wa gitaa kavu, ule wa zamani uliotoka Katanga kule Kongo, ni wa vidole viwili. Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada basi. Gumba linatembea na besi, shahada inaimba juu, na ukisikiliza bila kuona utaapa ni magitaa mawili. Sisemi alikuwa na OM, nasema mtindo wenyewe unadai gitaa la namna hiyo. Ukipiga hivo kwenye gitaa lenye besi kubwa, gumba linamfunika shahada, ule wimbo wa juu unazama na kila kitu kinakuwa uji. Nilijifunza nyimbo mbili za staili ile kwenye drednoti la kuazima nikadhani sina kipaji. Nilipokuja kuzipiga kwenye OM ya rafiki, gumba na shahada vikakaa kila mmoja kwenye kiti chake, nikajua kumbe kipaji kipo hata kama kidogo.

Kuna na upana wa nati. OM ya asili nati yake ni inchi moja na robo tatu, milimita 44.5. 000 nyingi zilizofuata ni 43 kasoro kidogo. Milimita moja na nusu ukigawa kwenye nafasi tano kati ya nyuzi ni kiduchu sana, lakini mpiga vidole atakwambia hapo ndo panapoamua kama kidole kinagusa uzi wa jirani au hakigusi. Mtu wa kucharaza kodi tu na pleki hata hatajua. Vidole vyangu ni vinene kama vya mtu wa kukamua muwa kwahiyo hapo sijadiliani.

Sasa fujo la kweli, na hapa ndo watu wenye ujuzi wao huwa wanakoseana adabu. Kanuni inasema OM uzi mrefu, 000 uzi mfupi. Sawa. Alafu unakutana na 000-15M ya Martin haohao, mahogani mbele nyuma, jina 000, na uzi wake ni 25.4! Mrefu! Ina nati nyembamba, lakini uzi ni wa OM. Upande wa pili kuna 000-28EC, ya jina la mpiga gitaa Eric Clapton, uzi mfupi 24.9 lakini nati pana ya 44.5. Yaani kila moja imechukua nusu ya OM ikaacha nusu. Clapton mwenyewe kwenye lile onesho la bila umeme la 1992 alipiga 000-42 ya 1939, iliyouzwa mnadani 2004 kwa dola 791,500, na nina uhakika nusu ya watu walioanza kutafuta "OM kama ya Clapton" walikuwa wanatafuta gitaa ambalo siyo OM. Taylor, kampuni nyingine ya Marekani, nao mwaka 1994 wakaleta boksi lao wakaliita Grand Auditorium, na auditorium ni jina la zamani la 000 kwa Martin, lakini hilo la Taylor ni inchi 16 chini. Ukienda kwa jina utapotea. Futi haina ubishi.

Basi, zipi nazipenda.

OM-28 ya Martin ndo mama, huwezi kumruka. Rozwudi inampa kitu kama mwangwi wa chumba chenye sakafu ya saruji, ukipiga noti moja kuna wenzake wadogo wanaitika nyuma. Kwa mtu anayepiga peke yake hiyo ni baraka. Ila mimi, na hapa nitatukanwa najua, nikipewa zote mbili nichague nachukua OM-18. Mahogani haina mambo mengi. Noti inakuja, inasema ilichotumwa, inaondoka. Kwa ule mtindo wa gumba na shahada nataka noti iondoke kabla nyingine haijaingia, sitaki wajukuu wa noti iliyopita wanazurura sebuleni. Mpiga gitaa John Mayer, ambaye Martin walimtolea OM-28JM mwaka 2003, na Laurence Juber, aliyewahi kupiga na Wings, bendi ya Paul McCartney, na akatengenezewa OM za jina lake, ukiwasikiliza wote wawili ukiwa umefumba macho utaelewa gitaa hilihili linaweza kuwa watu wawili tofauti.

Collings ya Austin, Texas, nimeishika mara moja tu, OM1, kwa dakika kama ishirini, na bado naikumbuka kama mtu anavyokumbuka harufu. Imetengenezwa kwa usafi wa kutisha, unapitisha kidole kwenye kila kiungo husikii kiungo. Sauti yake kavu kwa maana nzuri, kila noti ina mpaka wake, ukikosea inakosea na wewe hadharani. Siyo gitaa la kujifichia. Santa Cruz ya California nayo ni shule nyingine, mzee Richard Hoover na wenzake walianza 1976, wana sifa ya kuichezea mbao ya juu kwa mkono mpaka ikae wanavyotaka, na bei yake inakaa wanavyotaka wao pia.

Kati ya OM kuzaliwa na OM kurudi kuna watu waliobeba moto. Kuna Eric Schoenberg, mpiga vidole wa Kimarekani aliyezipenda OM za zamani wakati kiwanda chenyewe kimeshazisahau, miaka ya 1980 akashirikiana na fundi Dana Bourgeois wakabuni OM zao na zikawa zinajengwa ndani ya kiwanda cha Martin. Watu kama hao ndo wakawakumbusha wenye mali kwamba mna dhahabu kwenye kabati. Na mageuzi ni kwamba gitaa lililobuniwa kwa ajili ya kucharaza ridhim kwenye bendi likarudi mjini kama gitaa la mtu mmoja anayechuna peke yake kwenye kiti, kazi ambayo Bechtel hakuiomba kabisa.

Kwa mfuko wetu lakini tuseme ukweli, nyingi ya hizo nilizotaja ni bei ya bodaboda, nyingine ni bajaji, kuna ambazo ni kiwanja. Gitaa ninalopiga kila siku ni Eastman E1OM ya mkononi, wanazitengeneza Beijing, mbao ya juu sprusi, mgongo na ubavu sapele, zote mbao nzima siyo plaiwudi, na uzi mrefu nimeupima mwenyewe kabla sijatoa hela. Sapele ni mti wa misitu ya Kongo, Kameruni, Uganda, ndugu wa mbali wa mahogani, sauti yake inaelekea huko na mng'ao kidogo juu. Mti umetoka jirani, umeenda China, umerudi kwangu ukiwa na shingo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mbao siwezi kupita bila mpingo. Rozwudi wanayoililia watu wa magitaa ni ukoo wa Dalbergia. Ya Brazili ndo ilikuwa kwenye OM za kwanza, ikafungwa biashara ya kimataifa 1992, siku hizi nyingi ni ya India. Sasa mpingo wetu, huu wa Kilwa na Lindi, ni Dalbergia pia, damu moja kabisa, na kuna mafundi wakubwa wanaosema ndo unaokaribia ile ya Brazili kuliko yote, wengine wanasema unaizidi. Mzito mpaka unazama majini, ukiugonga ukiwa kibao chembamba unalia kama sahani. Tatizo mti wenyewe hauna papara, unakua kwa miongo, unapinda, ndani mara nyingi una shimo, kupata vibao viwili vipana vya mgongo wa gitaa ni bahati nasibu, ndo maana migongo mingi ya mpingo utaiona imeungwa vipande vinne. Wenye ubora mwingi unaishia kwenye klarineti na oboe. Tangu 2017 ukoo mzima wa Dalbergia uko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ila 2019 vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vikalegezewa. OM yenye mgongo wa mpingo zipo, na inaniuma kidogo kwamba sijawahi kuishika hata moja ilhali nimeshika vinyago vya mpingo maisha yangu yote.

Jambo la mwisho kabla sijarudi kwa shemeji, maana nikiliacha mtakuja kunilaumu. OM ni gitaa jepesi. Mbao ya juu nyembamba, na zile bresi, vijiti vilivyogundishwa kwa ndani kwa umbo la X kuibeba ile mbao, nazo hupunguzwa ili itetemeke vizuri. Wepesi huo ndo sauti, na wepesi huo huo ndo unafanya hali ya hewa ilipige. Watengenezaji wanataka unyevu wa hewa kama asilimia 45 mpaka 55. Dar tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima, mbao inakunywa, kifua kinavimba, nyuzi zinapanda mbali na freti, unaanza kulalamika gitaa limekuwa gumu wakati gitaa limeshiba maji. Mimi kosa langu lilikuwa la upande wa pili. Nilienda nalo Dodoma mwezi wa tisa, wiki tatu, nikaliacha limeegemea ukuta wa chumba cha wageni nje ya begi. Nikirudi kulishika, kila nikipitisha mkono chini ya shingo kama napapasa msumeno, mbao ya shingo imekauka imenywea, vyuma vya freti vimetokeza pembeni. Uzembe wangu kabisa. Fundi alinipa dawa rahisi: kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, ndani weka sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa mpaka haidondoshi, funga, weka ndani ya begi chini ya kichwa cha gitaa, zipu mpaka mwisho. Siku tisa msumeno ukaisha wenyewe. Dar sihitaji hilo, Dar naweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, navikusanya kama mtoto anakusanya vifuniko vya soda.

Shemeji sasa. Alikasirika siku mbili akitaka arudishiwe hela na muuzaji ambaye simu yake tayari ilikuwa inaita Ulaya. Nikamwambia shem, kabla hujauza, badilisha nyuzi, hilo limekuja na seti nyepesi ya 11, weka 13. Uzi mfupi na seti nene, mkazo unapanda, ulaini unabaki kidogo, besi inapata mwili. Akaweka. Wiki iliyofuata nimepita kwake jioni umeme umekatika, kakaa barazani anachuna gizani, gumba linatembea, shahada inaimba. Nikamuuliza vipi, bado unauza? Akaniambia nikimpelekea OM ya kweli tubadilishane atafikiria, alafu akaendelea kupiga.